Abiria wa Ulimbo

Kisangani kila mtu anavuka mto. Wauza makaa wanavuka, walimu wanavuka, mbuzi wanavuka, magodoro yanavuka juu ya vichwa vya wenyewe, na bibi arusi huvuka gauni lake amelikunja mapajani lisiguse maji yanayocheza miguuni. Madina peke yake ndiye aliyekuwa havuki. Na mumewe, kwa bahati aliyonayo, alikuwa mtu pekee katika mtaa wao aliyejiita mtaalamu wa vyombo vya majini.

Mume huyo ni Lukumani. Alizaliwa komuni ya Kabondo, katika familia ya Kiislamu ya maseremala waliochonga milango na vitanda tangu enzi za misafara. Yeye alipelekwa shule, akasoma sana, akaishia kufundisha makanika katika taasisi moja ya ufundi mjini. Cheo chake ni asistanti, yaani mwalimu msaidizi. Amekuwa asistanti kwa muda mrefu kiasi kwamba wanafunzi wapya hudhani hilo ndilo jina alilopewa na wazazi. Ni mtu mpole, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni, na anapokueleza jambo hukushika kiwiko usije ukatoroka kabla hajamaliza.

Madina hakuzaliwa na woga wa maji. Mama yake, Mama Fatouma, anakaa Lubunga, ng'ambo ya pili, na zamani Madina alivuka kwenda kwake kama wengine wanavyovuka barabara. Kisha mwaka ule Asha, binti yao, alipoanza kutembea, pirogi, mtumbwi wa kuchonga aliopanda Madina, ikapinduka katikati ya mto. Mwanamke aliyekuwa amekaa kando yake, muuza samaki ambaye hata jina lake hakulijua, alimshika mkono ndani ya maji. Walishikana hivyo kwa muda, kisha mkono ule ukalegea. Madina aliokolewa na wavuvi, yule mwenzake hakuonekana tena. Tangu hapo Madina hakukanyaga chombo, na hata wale wenye midomo mirefu pale mtaani hawakuthubutu kumcheka.

Kwa hiyo mama na binti wakawa wanaishi mji mmoja na kusikilizana kwa simu. Mama Fatouma mwenyewe miguu ilikuwa imemwisha, havuki hata kizingiti bila kushikiliwa. Kila Jumapili Lukumani alimchukua Asha wakaenda kumsalimia bibi, wakarudi na ndizi na salamu. Mwaka huu salamu zilibadilika.

"Umwambie mama yako nimechoka," bibi alisema. "Telefone inaleta sauti tu. Mi nataka kuona uso yake mbele ya kufa."

Asha alizifikisha salamu kama alivyozipokea. Madina aliingia chumbani akafunga mlango.

Hapo mume mwingine angemshika mkewe mkono, akashuka naye hadi ukingoni, akakaa naye pale leo na kesho mpaka moyo utulie. Lukumani alimjengea maabara.

"Mama Asha," alisema, amesimama nje ya mlango ule, "nitakufanyia bateau yenye haiwezi kupinduka. Na science. Tutaijaribu kwanza mu bassin, ndogo ndogo. Kisha mi mwenyewe nitavuka nayo, nawe utaniangalia. Nikifika mukavu, utapanda?"

"Ukifika mukavu," Madina alijibu kutoka ndani, "nitapanda."

Basi. Nyuma ya kiwanda cha sabuni kilichokufa zamani kulikuwa na birika la saruji, refu na jembamba, ambalo hakuna aliyekumbuka lilikuwa la nini. Lukumani aliziba nyufa zake kwa lami na kuliacha lijae maji ya mvua. Mwisho mmoja wa birika alifunga rimu ya baiskeli, akapitisha uzi juu yake. Ncha moja ya uzi aliifunga kwenye pua ya kiboti cha mbao cha urefu wa mkono, ncha ya pili akaning'iniza kopo la mchanga. Kopo likishuka, kiboti kinavutwa juu ya maji, na kile kinachofika upesi kwa kopo lile lile ndicho chenye umbo zuri. Ndivyo wanavyofanya wenzetu, alieleza huku ameshika viwiko vya watu, katika nchi zenye mabirika marefu kama kiwanja cha ndege. Tofauti ni urefu tu. Baadaye akachomoa mota ndani ya redio kaseti mbovu, akaitia kwenye kiboti, akakata rafadha za kusukumia maji kutoka mikebe ya sadini: yenye mapanga mawili, yenye matatu, hata yenye manne, ambayo ilipiga kelele nyingi na kwenda kinyumenyume.

Shida ni kwamba birika lililojaa maji, Kisangani, halikosi kazi. Mama Berthe, aliyeuza kwanga, mikate ya muhogo, mtaa huo, aliliona kabla lami haijakauka, akaja na mihogo yake kuilowesha.

"Mama, hii maji ni ya science," Lukumani alimwambia.

"Bon. Na science haikulake chakula?" Mama Berthe aliuliza, akatumbukiza gunia la pili.

Juma hilo viboti vyote vilipunguza mwendo. Lukumani alikuna kichwa, akatafakari, akafikia uamuzi kwamba joto la msimu limeyafanya maji kuwa mazito, na akaufundisha uamuzi huo darasani kwa saa nzima, kwa michoro. Wanafunzi waliunakili. Siku ya pili alizamisha mkono kutafuta rafadha iliyochomoka, akaibuka na muhogo ulioiva kwa uchachu, unateleza kama sabuni. Hakurudi darasani kusahihisha. Alipatana na Mama Berthe kwamba mihogo ikae mwisho ule na sayansi mwisho huu, na kwamba asubuhi, kabla ya majaribio, mwenye mihogo aondoe povu lake.

Kisha wakaja abiria. Chombo cha kuvushia watu hakijaribiwi kitupu, kwa hiyo Lukumani alipanga nati za bolti juu ya sitaha ya kiboti chake, moja kwa kila mtu, safu kwa safu. Nati zile hazikuwa na adabu. Wimbi dogo likipita, zote ziliteleza upande mmoja na kiboti kikalala ubavu, *blup*, abiria wote chini. Alijaribu tena na tena. Hakuna vipimo viwili vilivyofanana, na hicho ndicho kilichomkera kuliko kuzama kwenyewe. Mtu wa vipimo hawezi kufanya kazi na abiria wa namna hiyo. Akatafuta ulimbo, utomvu ule ule ambao watoto hutegea ndege, akagundisha kila nati mahali pake.

Tangu siku hiyo kiboti hakikupinduka hata mara moja. Alikipiga mawimbi kwa ubao. Alimwita Mama Berthe atumbukize gunia zima kwa kishindo. Kiboti kiliyumba, kikarudi, kikasimama wima, na abiria wake wametulia safu kwa safu kama watu walio msikitini. Lukumani alikwenda kumleta Madina aje aone kwa macho yake.

Madina aliinama juu ya birika akawatazama wale abiria kwa muda mrefu. "Hawa banaketi muzuri," alisema.

Lukumani aliipokea kama sifa.

Sasa, kazi ikishakuwa nzuri upande mmoja, mikono hutafuta upande mwingine wa kuwashwa. Kwa kuwa kiboti hakipinduki tena, kulibaki nini cha kupima? Mwendo. Mwendo una raha yake: kopo linashuka, kiboti kinakimbia, unatazama saa. Lukumani alichukua randa ya babu yake akaanza kukipunguza tumbo kiboti. Kikapunguka, kikaongeza mbio. Akapunguza tena. Alijua vizuri, maana alifundisha hivyo kila mwaka, kwamba chombo chembamba huyumba kuliko kipana. Lakini majaribio yake mwenyewe yalisema hakiyumbi, na yeye alikuwa mtu wa majaribio. Kufikia mwisho wa masika alikuwa na kiboti chembamba kama ganda la maharage, kinachopita kwenye maji bila hata kuyakunja, na alikuwa amekaa majuma kadhaa bila kukumbuka mlango uliofungwa wala aliyekuwa nyuma yake.

Aliyemkumbusha kwamba boti ni la watu alikuwa Gédéon, mtu mnene mwenye vyombo viwili vya kuvushia na malalamiko ya kudumu kuhusu petroli. Alikuja birikani kwa sababu ya maneno ya watu, akasimama, akaona ganda la maharage linaviacha nyuma viboti vipana, akavua kofia.

"Assistant! Hii njo bateau! Moteur ndogo, inakwenda kama hii?"

"Na haipinduke," Lukumani alisema.

"Na haipinduke," Gédéon aliitikia, ingawa hilo hakuwa ameliuliza.

Mafundi wa Gédéon walilijenga boti pale ukingoni, kubwa kama lilivyotakiwa kuwa, kwa umbo lile lile. Siku ya kulivusha mara ya kwanza Lukumani alivaa shati jeupe, lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Alikuwa amefikiria sana jambo hilo. Shati jeupe likiwa kavu linaonekana kavu hata kutoka ng'ambo. Madina alisimama juu ya ukingo wa upande wa mji, Asha kando yake, Mama Berthe nyuma yao na beseni la kwanga, na mkononi Madina alikuwa na simu kwa sababu mumewe alimwambia aishike.

"Ukiona nimeshuka, napiga," alimwambia. "Kisha boti inarudi kukuchukua. Mama atakuona leo leo."

Madina alikuwa ametia zawadi ya mama yake, kitenge kipya, ndani ya mfuko.

Kuvuka kwenyewe, mtu asidanganye, kulikuwa kuzuri. Boti lilipita pirogi, likapita chombo cha zamani cha Gédéon, likapita hata moshi wa mota yake lenyewe. Abiria walikuwa wamejaa: wanawake na mafurushi, wanafunzi, bwana mmoja na kuku, mkate mrefu uliobebwa kama bunduki. Wote waliketi kimya safu kwa safu, maana katikati ya mto mtu wa Kisangani hana ujeuri. Lukumani alikaa mbele akitazama maji yanavyopasuka, na alikuwa na furaha kubwa sana, furaha ya kweli, mpaka machozi yakamlenga. Alimfikiria mkewe akipita hapa hapa, mkavu, akiwa na kitenge kile.

Ila ng'ambo ikishakaribia, mambo hubadilika. Kwa sababu ya mkondo, boti za Lubunga huja ubavu kwa ubavu na ukingo. Juu ya ukingo wamejipanga toleka, vijana wa baiskeli za kubeba watu, wanapiga kengele na kuita. Wa kwanza kushuka hupata baiskeli yenye breki, wa mwisho hutembea. Kwa hiyo chombo kikiwa bado hakijagusa nchi, kila mtu huinuka, hujitwika mzigo, na kwenda kusimama upande wa kushukia. Ndivyo walivyofanya baba zao na ndivyo wanavyofanya wao. Lukumani amefanya hivyo kila Jumapili, Asha mkononi, akisukuma wenzake kwa mkono ule ule anaowashikia watu viwiko. Katika majaribio yake yote jambo hilo hakuliweka, kwa sababu hakuwahi kuliona. Alikuwa analifanya tu.

Na siku hiyo aliinuka kabla ya wote. Alitaka awe mtu wa kwanza kukanyaga nchi na shati lake. Alipanda juu ya ubao wa kukalia, upande wa kushukia, simu sikioni, mkono mwingine juu.

"Mama Asha! Unaniona? Nimefika mu..."

Abiria walimwona aliyelibuni boti, msomi mwenyewe, amesimama. Wakajua wakati umefika. Wakainuka wote, mafurushi kichwani, wakahamia upande ule. Ganda la maharage lilifikiri kidogo, kisha likalala ubavu taratibu, bila haraka, na kila mtu akateleza ndani ya maji kama nati siku za kabla ya ulimbo.

Maji pale yalifika tumboni. Hakuna aliyekufa, hakuna hata aliyevunjika kidole. Alipotea kuku mmoja, ingawa mwenyewe hadi leo anasema walikuwa watatu.

Lakini kutoka upande wa mji hayo hayakuonekana. Madina aliona boti limelala na vichwa vyeusi juu ya maji. Simu ilikata katikati ya neno. Alipiga, haikuita. Alichofanya baada ya hapo hajui kukieleza vizuri mpaka leo, na Mama Berthe anakieleza kupita kiasi. Walioona wanasema alimsukumia Mama Berthe mkono wa Asha, akashuka ukingo kwa kukimbia, akaingia pirogi ya kwanza aliyoikuta, ambayo mwenyewe alikuwa bado anangoja ijae.

"Peleka!"

"Mama, bado watu..."

"Peleka, nimesema! Bwana yangu iko mu maji!"

Alikaa mbele, ameng'ang'ania kingo zote mbili, macho wazi. Pirogi ilipofika katikati, pale palepale ulipolegea mkono ule, alianza kulia kwa sauti, kilio cha msibani, na mpiga kasia akapunguza akidhani anataka warudi. Madina hakugeuka. Aligonga ubao kwa ngumi, twende, twende, na wakaenda.

Lukumani alikuwa bado ndani ya maji, shati limekuwa rangi ya chai ya maziwa, anapapasa chini kwa miguu kutafuta kalamu zake. Aliinua macho akamwona mkewe anashuka kwenye pirogi na kuyakanyaga maji kumfuata, nguo zote mwilini, mfuko kifuani.

"Umevuka," alisema.

"Haukufika mukavu," Madina alisema. Akampiga kofi la bega. Kisha akalishika lile shati kwa mikono miwili, akaegemeza kichwa hapo, na vijana wa toleka wakaacha kupiga kengele kwa dakika nzima.

Mama Fatouma alikuwa kibarazani. Hakuna aliyekuwa amempa habari. Alimtazama binti yake aliyesimama mbele yake akichuruzika maji, akamvuta chini, akamshika uso kwa viganja vyote viwili, akaupapasa paji, mashavu, kidevu, kama anayekagua kitu alichokiazimisha. Baadaye, walipokwisha kuletewa lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, mama mkwe alimgeukia Lukumani aliyejibanza pembeni ndani ya kitenge cha kuazima.

"Bokilo, mukwe yangu, aksanti. Ile bateau yako ni ya muzuri sana. Imemuleta."

Lukumani aliangalia lituma yake kama mtu anayetafuta mfupa ndani ya ndizi.

Mngedhani mambo yameishia hapo. Jioni Madina alisema twende, Asha anangoja. Lukumani alitembea naye hadi ukingoni, akayaona maji, akarudi nyuma hatua mbili. Alisema kuna upepo. Hapakuwa na upepo. Madina alimtazama vizuri, akapanda pirogi akaenda mwenyewe, meno ameyabana.

Asubuhi alirudi na Asha na shati safi. Lukumani alikuwa na mafua. Siku iliyofuata alikuwa anahofia kukutana na Gédéon. Siku iliyofuata hiyo aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia jambo la kawaida, kama hakuna njia ya kuzunguka kwa miguu. Mkwe mzima, mwanamume, analala nyumbani kwa mama mkwe, na majirani wa Lubunga walikuwa wameanza kuja kusalimia kwa sababu zisizoeleweka. Huku Madina akienda na kurudi, kwenda na kurudi, analeta dawa, anapeleka ndizi, na mpiga kasia ameshamzoea kwa jina. Hakuwa ameacha kuogopa. Kila akifika katikati alinyamaza na midomo yake ilisoma dua. Ila alikuwa anapita.

Siku ya tano alikuja akasimama mbele ya mumewe.

"Papa Asha. Simama, tuende."

"Mama Asha, ngoja nikueleze. Centre ya gravité ya pirogi..."

"Nilete mukono."

Alimpa. Walishuka hivyo, mbele za watu, hadi kwenye pirogi ya kawaida, kuukuu, iliyochongwa na mtu asiyejua birika ni nini, yenye maji miguuni na mbuzi nyuma. Madina alimkalisha katikati akakaa kando yake. "Usiinuke mpaka niseme," alimwambia.

Walivuka. Katikati ya mto Lukumani alifumba macho, Madina akayaacha yake wazi, na vidole vyao vilikuwa vimebanana hadi vikawa vyeupe. Ukingo wa mji ulipokaribia, zikasikika kengele za toleka, na pirogi nzima ikainuka kama kawaida, mafurushi, wanawake, mbuzi, kila mtu upande mmoja, chombo kikainama na maji yakachungulia. Lukumani alinyanyua tako moja. Ni mazoea.

"Bado," Madina alisema.

Wakarukwa. Mmoja alimkanyaga Lukumani mguu, mwingine akamwachia mkia wa mbuzi usoni. Watu wote wakashuka, baiskeli zote nzuri zikaondoka, pirogi ikafungwa kwenye mti, ikatulia kabisa.

"Mama, tumefika," mpiga kasia alisema.

"Ninaona."

Lukumani alimtazama mkewe kuuliza kama sasa inaruhusiwa. Madina alikuwa amegeuka nyuma, anatazama kule kati ambako maji yanapita bila alama yoyote. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na mfuko, na ule mwingine ulikuwa umemshika mumewe na haujalegea.